Nilishukia Kemondo

Mama alinisindikiza hadi geti la bandari ya Mwanza Kaskazini, akakataa kupita hapo. Ilikuwa Juni 2012, jua limeshazama, na MV Victoria ilikuwa imeanza kupakia abiria. Akanipa doti ya kanga mpya aliyoikunja ndani ya gazeti. "Mpe yule mama," akasema. Jina hakulitaja. Kisha akanikumbusha kwa mara ya tatu nisikae karibu na ukingo.

Nilikuwa na miaka 33. Ziwa Victoria nimeliona tangu nipate fahamu, nimefua nguo kwenye mawe yake, nimekula samaki wake, lakini kulivuka sikuwahi. Ng'ambo yake alikuwapo baba yangu, na tangu mwezi wa tatu mwaka ule hakuwapo tena. Kwenye bahasha ya kaki niliyoibana kwapani nilikuwa na barua ya kaka yangu, kaka niliyekuwa sijapata kumwona hata kwa picha. Barua yenyewe mistari michache: Tata tumemzika. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Dada, njoo. Usiende mpaka Bukoba mjini, shukia Kemondo, nitakusubiri. Tata ndiyo baba kwa Kihaya. Lile neno "tumemzika" nililisoma mara nyingi, nikitaka kujua kama na mimi nimo ndani yake.

Ndani ya bahasha hiyohiyo kulikuwa na cheti changu cha kuzaliwa. Jina langu limo, la mama limo. Kwenye nafasi ya jina la baba pamepigwa mstari kwa wino wa bluu, na aliyeupiga alitumia rula.

Safari ile niliichelewesha miaka 16. Tata alikuwa ameandika kwamba nikimaliza mtihani wa kidato cha nne, mwaka 1996, niende nikawaone ndugu zangu. Mama alikuwa ameshakubali, hata begi lilikuwa limenunuliwa. Tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikiwa imeshakaribia kabisa Mwanza, watu mamia kwa mamia wakafa majini. Mama alikwenda Igoma kwenye mazishi ya watu asiowajua. Aliporudi alilichukua lile begi akampa mtoto wa jirani. Hatukuizungumza safari tena. Baadaye nilikuwa mtu mzima, nina mshahara wangu na nauli yangu, ningeweza kupanda hata basi nikazunguka ziwa kwa nchi kavu. Sikwenda. Niliogopa kufika mahali nikaulizwa: wewe ni nani?

Na swali hilo nilikutana nalo hata kabla meli haijang'oa nanga. Daraja la tatu tulikaa kwenye mabenchi tumebanana, na mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa ndizi aliyekuwa akirudi kwao, akanikaribisha nusu ya mkeka wake.

"Unakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Kwa baba, Kamachumu."

Akafurahi, akanisemesha Kihaya. Nikamwambia sikijui. Akarudi kwenye Kiswahili: "Baba yako wa ukoo gani?"

Sikujua. Mtu akisema kwao ni Buhaya halafu hajui ukoo wa baba yake, kila kitu kimeshajulikana. Yule mama alinitazama kidogo, akavuta upande wa shuka lake akanifunika miguu. Hakuuliza tena. Nimekutana na watu wengi wenye elimu ambao hawakuwa na adabu ile.

Saa tatu usiku tuliondoka. Taa za Mwanza zilipokwisha nilibaki macho, na kwa kuwa mimi ni karani wa mahakama, niliwaza kwa namna ya majalada. Majalada ya matunzo ya watoto nimeyashika tangu nianze kazi mwaka 2003. Siku zile bado ilitumika sheria ya mwaka 1949 ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na chini ya sheria hiyo kiwango cha juu ambacho hakimu angeweza kumwamuru baba atoe kilikuwa shilingi mia moja kwa mwezi. Mia moja! Ilikuwa haitoshi chupa ya soda. Nimeona wanawake wakishinda kesi, wakaambiwa kiasi hicho, wakadhani wamesikia vibaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoifuta ile ya zamani, na mimi niliyekuwa nikibandika namba kwenye majalada yale nililia siku nilipoisoma, nikiwa peke yangu masjala.

Shilingi mia nyingine imo katika Tangazo la Serikali la mwaka 1963, lililoziandika sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mwanamume anayetaka kumhalalisha mtoto aliyemzaa nje ya ndoa amepewa njia mbili: amwoe mama wa mtoto, au kabla mtoto hajaachishwa ziwa awalipe wazazi wa mwanamke shilingi mia moja. Asipofanya hivyo mtoto ni wa kwa mama yake, na baba akifa bila wosia mtoto huyo hana fungu. Babu yangu mzaa mama, Msukuma wa kale, aliijua kanuni hiyo bila kuisoma. Usukumani walikuwa na neno lao, ngwekwe, ng'ombe wa kumkombolea mtoto. Babu alikuwa akisema tangu serikali ilipogeuza ng'ombe kuwa noti, wanaume wamekuwa wepesi. "Na huyo wako hata noti hakuleta," alimwambia mama mbele yangu. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nilielewa kwamba mimi ni kitu kilichoachwa dukani kwa kukosa mia.

Mama na Tata walikaa nyumba moja ya kupanga, Igogo, kwa miezi 20. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Walipungukiwa miezi minne. Lakini hata wangeifikisha, isingesaidia, kwa sababu Tata alikuwa na mke wa ndoa ya kanisani huko Kamachumu, jambo ambalo mama alilijua mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera. Tata, aliyekuwa karani wa ghala la pamba, aliomba ruhusa kazini aende kuwaangalia watoto wake. "Watoto wake" ndilo neno alilolitumia. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Vita vilikwisha, Tata hakurudi kukaa Mwanza. Nilipozaliwa, Machi 1979, aliandika barua yenye jina langu la Kihaya, moja ya majina yale yanayoanza na Koku. Mama alilihifadhi lakini hakulitumia. Shuleni nimeandikwa jina la babu.

Tata mwenyewe nilimwona mara moja, mwaka 1988, stendi. Alikuja na kofia mkononi, akaninunulia viatu vyeusi vilivyonizidi namba, akasema vitanifaa mwakani. Vilinifaa kweli.

Kemondo tulifika bado giza. Wachukuzi walikuwa wakikimbia na mikungu begani, na juu ya gati kulikuwa na taa moja yenye wadudu wengi. Kaka alinitambua kabla sijamtambua. Alikuja moja kwa moja, akasimama, akasema, "Una paji la uso la shangazi." Shikamoo yangu ilikwama kooni.

Tulipanda Hiace iliyojaa, tukapitia Muhutwe, kisha barabara ikaanza kupanda kuelekea Kamachumu. Nilizoea Usukumani, nchi ya mawe na mbuga, ambako nyumba unaiona kabla hujaifikia. Kule nyumba zimefichwa ndani ya migomba, na chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni maharage. Wanaita kibanja. Ulikuwa msimu wa kahawa, kila uwanja umetandazwa buni nyekundu zikianikwa. Kaka alikuwa akinionyesha mipaka ambayo mimi sikuiona. Hapa kwa fulani panaishia, hapa pa ukoo mwingine. Mpaka wenyewe ni mmea mdogo tu uliopandwa kwenye kona, lakini watu wanapelekana mahakamani kwa ajili yake vizazi vitatu.

Kaburi la Tata lilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, udongo haujakaa vizuri. Kaka alitaka tuanzie hapo. Mimi nikamwambia niingie kwanza ndani nikamsalimie mama, kwa sababu kanga za mama yangu zilikuwa zinaniunguza mikononi.

Mjane alikuwa amekaa sakafuni juu ya majani makavu yaliyotandikwa safi, miguu ameinyoosha. Nilipiga magoti. Alipokea shikamoo, akapokea kanga, akazifungua, akazinusa. Aliniuliza kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito, "Mama yako hajambo?" Nikasema hajambo. Akachota kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na mimea na kukaushwa, akanitilia kiganjani, kama wanavyofanyiwa wageni wote. Sikujua kama ni ukarimu au ni kuniambia mimi mgeni.

Jioni ile baba mdogo, mzee wa zaidi ya miaka 80, alinisimulia mambo ya zamani, nadhani kunipoza. Wahaya wa kale, alisema, hawakuwa wakiuliza sana damu ni ya nani. Walikuwa na mila inaitwa bisisi: mwanamume aliyekuwa wa kwanza kulala na mwanamke baada ya kujifungua, mtoto atakayefuata ni wake, hata kama mimba ni ya mtu mwingine. Watu walidai watoto kwa bisisi mbele ya machifu, wakapewa. Nilimwuliza, na mtoto mwenyewe aliulizwa? Mzee alifikiri sana. "Mtoto anaulizwaje?" akasema. Halikuwa jibu la dharau. Alikuwa analiona swali hilo kwa mara ya kwanza. Nami hilo ndilo linaloniuma katika sheria zote hizi nilizozibeba kichwani, za kimila na za serikali: wanaozungumza ni baba, babu, ukoo, hakimu, na anayezungumzwa yuko mgongoni kwa mama yake, analala.

Jumamosi kikao kilikaa uwanjani. Walikuwapo wazee saba, kaka zangu watatu, shangazi wawili, mjane mlangoni. Kaka mkubwa ndiye musika, mrithi mkuu, na hakuwa amenisemesha tangu nifike. Alianza yeye.

"Huyu amekuja kuchukua nini?"

Nikasema nimekuja kumjua baba yangu.

"Wote husema hivyo." Akaendelea kwa utulivu, na lazima niseme hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto sita na kibanja kile kile. Akasema mtoto wa nje hana fungu, tena binti, na binti haigusi ardhi ya ukoo. Nilimjibu kwa heshima kwamba hilo la binti limeshaamuliwa. Mwanamke wa mkoa huohuo, Holaria Pastory, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake akamshtaki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Wazee wawili walitikisa vichwa. Kesi ile waliijua kuliko mimi. Kuhusu fungu, nikasema, sijaja kulidai na sijaja kulikana. Nataka kwanza nijue kama mimi ni mtoto hapa.

"Basi twende kwa Mkemia Mkuu," akasema kaka. "Wapime damu."

Sikukataa. Vipimo vya vinasaba ni miongoni mwa ushahidi ambao Sheria ya Mtoto inautaja, pamoja na jina kwenye rejesta ya vizazi, mila aliyoifanya baba na kukiri kwake mbele ya watu. Mimi mwenyewe nimewaandikia wengine barua za kwenda kupimwa. Lakini kulisikia likisemwa juu yangu, mita ishirini kutoka kaburini, ni jambo lingine.

Baba mdogo alitoa daftari. Lilikuwa la hesabu za Tata, kilo za kahawa alizopeleka ushirika, madeni, vibarua. Alifungua ukurasa wa mwaka 1980 akampa kaka yangu yule aliyenipokea asome kwa sauti. Katikati ya mauzo na mbolea kulikuwa na mstari mmoja: *Mwanza, za mtoto, sh. 100.* Pembeni jina la mtu aliyetumwa kuzipeleka.

Nilihisi masikio yanaziba. Mwaka 1980 nilikuwa bado nanyonya. Mama aliniachisha nilipokaribia miaka miwili. Kwa hiyo ililipwa. Au ilitumwa tu. Aliyetumwa alishafariki siku nyingi, na babu yangu, ambaye angepaswa kuipokea, alikufa akisema hata noti haikuletwa. Babu hakuwa mwongo. Wazee wakaanza kubishana kama fedha iliyotumwa isiyofika imelipa, au haijalipa. Mmoja akasema nia ni malipo. Mwingine akasema nia hailipi mahari. Walibishana robo saa nzima juu ya noti moja.

Hapo mjane akaongea kutoka mlangoni. Aliongea Kihaya, na uwanja ukanyamaza. Kaka alinitafsiria taratibu, sentensi moja moja.

"Shilingi mia ile ilikuwa yangu. Nilisuka mikeka nikaiuza. Nilikuwa naweka ninunue mbuzi. Baba yenu alikuja akaniambia nimezaa Mwanza, nina siku chache, mtoto ataachishwa. Nilikaa siku tatu bila kumpikia. Siku ya nne nikamwuliza, mtoto gani? Akasema wa kike. Nikasema wa kike ataolewa, na siku ya kuolewa ataulizwa babaye nani. Nikampa. Kama haikufika, mwizi ameniibia mimi, hakumwibia huyu. Nani hapa ataniambia sikutoa?"

Hakuna aliyemwambia.

Niliolewa mwaka 2004. Siku ya posa mjomba ndiye aliyesimama kupokea mahari. Katekista alipouliza binti wa nani, ukapita ukimya mfupi kabla mjomba hajataja jina lake mwenyewe, na mimi niliangalia vidole vyangu. Miaka 24 kabla ya ukimya ule, mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kunichukia alikuwa ameshaufikiria, akatoa mbuzi wake. Na sikujua. Nilikuwa nimekuja na doti moja ya kanga.

Kikao kiliandika muhtasari. Nimeshaandika mihtasari mingi, lakini kwa huu nilishindwa kushika kalamu, kaka aliandika. Waliandika kwamba marehemu aliacha watoto saba, wakanitaja wa tano, kwa lile jina la Koku, na wote wakatia sahihi, wengine dole gumba. Kaka mkubwa alitia wa mwisho. Habari ya mashamba ilisogezwa mpaka baada ya mavuno, na mpaka leo ina mizunguko yake ambayo haihusu simulizi hii.

Jumapili jioni mjane alinikatia mkungu wa ndizi wa kumpelekea mama. Alichagua mwenyewe, akazunguka migomba minne akiibonyeza kwa vidole. Kaka aliubeba kwenye Hiace hadi Kemondo, na pale gatini, kwa kuwa mizigo ya watu wote inafanana, akakata kipande cha boksi, akaandika jina kwa kalamu ya wino mzito, akakifunga kwa kamba ya mgomba. Giza lilikuwa limeingia, sikuona alichoandika.

Meli ilifika usiku ikitokea Bukoba. Karani wa mizigo alikuwa na tochi, anamulika kibandiko kimoja kimoja na kuita mwenyewe aje alipie. Aliita mtu, akaita mwingine. Kisha akaita jina la Kihaya la mwanamke, na baada yake jina la baba yangu. Hakuna aliyeitika. Kaka akanigusa bega. Karani akainua tochi, akaita mara ya pili.

"Nipo," nikasema.